Madam na Mzee wa Stesheni

Nimewahi kumwonea wivu mtu mmoja tu kwa dhati, na mtu huyo alikufa kabla sijazaliwa. Hakuwahi kukanyaga Kericho. Sidhani hata alijua kwamba chai aliyokuwa akinywa ilichumwa na mtu. Alikuwa mwigizaji katika filamu ya zamani ya Krismasi, ile ya rangi nyeusi na nyeupe, na aliyenifanya nimchukie bila kosa lolote ni Madam.

Madam alitufundisha Kiswahili na maigizo katika shule ya msingi ya shamba la chai ambako baba yangu alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Sisi tulitoka upande wa ziwani, yeye alitoka Kisii, na katika kambi ya wafanyakazi watu wa kwao na watu wa kwetu waligombania kila kitu, kuanzia bomba la maji mpaka kiti cha mbele kanisani. Yeye hakugombania chochote na bado alipata kiti cha mbele. Kila mtu alimwita Madam. Wachumaji walimwita hivyo, supavaisa alimwita hivyo, na mume wake akimtafuta jioni alikuwa akiuliza dukani kama Madam amepita.

Niseme mapema nilichokuwa nataka, ili msinifikirie vibaya zaidi ya inavyostahili. Nilitaka Madam aseme kwamba najua kuigiza. Basi. Wengine walishanipa sifa hizo mpaka nikachoka nazo, lakini zake ndizo nilizozitamani, na yeye sifa zote alikuwa amempa mzee wa stesheni.

Hadithi ya filamu yenyewe ni fupi. Mzee mmoja aliyefiwa na mke ni msimamizi wa stesheni ndogo ya reli, huko nchi za theluji. Ni siku ya Krismasi, na binti yake ameahidi kuja kwa treni. Mzee amepika, ameweka sahani mbili mezani. Treni inapita bila kusimama. Mzee anarudi ndani, anaondoa sahani moja, anakaa kula. Baadaye majirani wanakuja na keki na nyimbo na kila mtu anafurahi, lakini hayo Madam aliyaita sukari, na mara nyingi alizima video kabla hatujayafikia.

Kaseti ile aliachiwa na mke wa meneja mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kila mwaka, siku moja kabla ya Krismasi, Madam aliibeba mpaka kwenye holi ya shamba, ikiwa imefungwa kwenye leso kama mtoto mchanga, na kutuonyesha sisi ambao baba zetu walikuwa zamu na hatukuweza kusafiri kwenda kwetu kwa sikukuu. Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Anayeijua Kericho anajua kinachotokea mchana baada ya chakula. Mvua ilianza kupiga mabati, na siku nyingine ilikuwa mvua ya mawe, na hapo sauti ya televisheni ilikwisha kabisa. Ungeweza kumpigia kelele mtu wa karibu yako asikusikie. Watoto wa shule nyingine wangeenda nyumbani. Sisi tulikaa na kuangalia midomo ikifunguka na kufungwa, na Madam akiwa amesimama kando ya televisheni, fimbo mkononi, akituonyesha mahali pa kutazama.

Ndiyo maana sisi wa shamba lile tulijifunza kuigiza kwa kuangalia mikono. Hatukuwa na jingine la kuangalia. Hata miaka ambayo mvua ilichelewa, Madam alipunguza sauti mwenyewe. Alisema Kiingereza chao kitatuchanganya bure, na kwamba mtu mwongo mdomo wake huwa umefanya mazoezi, lakini mikono haijawahi kupewa nafasi ya kujiandaa. "Mikono kwanza," alikuwa akisema. "Mdomo utafuata wenyewe."

Mahali alipopapenda kuliko pote ni pale pa sahani. Mzee anainua sahani ya binti yake, ambayo haijaguswa, iko safi kabisa. Anaifuta kwa kitambaa. Anaifuta taratibu, mbele na nyuma, kama sahani iliyoliwa, halafu anairudisha kabatini na kufunga mlango wa kabati kwa kidole kimoja. Madam aligandisha picha hapo hapo. Alitugeukia na macho yakimng'aa na kutuuliza huyo mzee analia wapi. Tukatafuta. Hakuwa analia popote. "Yeye halii," akasema, "kwa sababu kulia ni kazi yenu." Na kweli nusu ya holi ilikuwa inapangusa makamasi, pamoja na mzee Mkipsigis aliyekuwa mlinzi wa holi, ambaye kila mwaka alimsalimu Madam mlangoni, "Chamgei," kisha akamuuliza kwa upole kama mwaka huu yule msichana atakuja.

Nilipokuwa darasa la saba nilipewa kuwa Yusufu katika mchezo wa Krismasi wa kanisa. Wenye nyumba ya wageni waliponinyima chumba, nililia. Sikulia kidogo. Nililia mpaka kilemba kikafunguka, mama zetu wakapiga vigelegele, na katekista akalazimika kuinua mkono ili mchezo uendelee. Mama yangu alitembea na kichwa juu wiki nzima. Mimi nilimsubiri Madam nje ya kanisa, nikijifanya natafuta ndala zangu. Alikuja, akanitazama, akaniambia nimelia vizuri. Moyo ulikuwa umeshaanza kupanda alipoongeza kwamba yule mzee hangelia.

Hapo ndipo wivu ulipoota mizizi. Nilirudi nyumbani nikakataa wali, siku ya Krismasi, jambo ambalo halijawahi kutokea kwetu.

Lakini msimwone Madam kama mtu wa mawe. Alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti ya chini iliyokulazimisha usogee karibu. Jumapili alivaa gauni zuri la kitenge na chini yake gambuti, kwa sababu ya matope ya njia ya kanisani, na hakuona sababu ya kubeba viatu vingine. Alikunywa turungi tu, chai isiyo na maziwa, kikombe baada ya kikombe, akilalamika kwamba sisi tunaochuma chai ndio tunaouziwa vumbi lake. Darasani alitupa mazoezi ambayo wazazi waliyaona ni wazimu: ingia nyumba ambamo mtu amekufa na wewe hujaambiwa, pokea chai kutoka kwa mtu unayemchukia, vaa shati ambalo unajua litakuvunjia heshima. Yote bila kufungua mdomo. Nilikuwa bora kuliko wote katika ile ya chai, na sasa mnaweza kukisia nilikuwa namfikiria nani.

Alikataza machozi jukwaani, lakini matangani hakuna aliyelia kumshinda. Alijiangusha, akagaagaa, akamwita marehemu kwa majina yake yote. Mara moja nilithubutu kumuuliza, akaniambia pale haigizi. Pia alikuwa na neno kali kwa wale vijana wa kutafsiri sinema kwa maikrofoni kwenye vibanda vya video pale senta, wanaomwekea mwigizaji maneno ambayo hakuyasema na kucheka kabla yake. Alisema hawamwachi mtu afanye kazi yake. Hata hivyo Jumamosi moja tulimfumania kwenye benchi la nyuma la kibanda hicho hicho, amejifunika shuka, anacheka mpaka benchi linatikisika. Hakuona aibu hata kidogo. Alituagiza tumnunulie njugu.

Sifa kubwa niliyowahi kupata kutoka kwake ni "haya". Tuliposhinda mashindano ya maigizo ya wilaya, na majaji wakanitaja kuwa mwigizaji bora, aliniambia, "Haya," akanishika bega, na tulipokuwa tunarudi kwenye lori la shamba, huku wenzangu wakiimba, alianza kunieleza jinsi mzee wa stesheni anavyovaa kofia. Kofia! Nilikuwa nimeshika kikombe cha ushindi mapajani, na yeye ananieleza kwamba mzee huivaa kwa mikono miwili kwa sababu kofia ni ya serikali na si yake. Niliangalia majani chai yakipita pembeni, kilima baada ya kilima, na nikaomba Mungu ile kaseti ikwame kwenye video siku moja na kukatika.

Haikukatika. Basi nikaamua kumchunguza yule mzee ili nimkamate. Nilikuwa nimeshamaliza sekondari wakati huo, nami nilirudi kila Desemba kwenye ile holi kwa sababu hiyo tu. Nilitafuta kosa. Nikalipata: mzee anatoka nje koti likiwa na vifungo vyote vimefungwa, picha inabadilika, kifungo cha juu kiko wazi. Nilikimbia kwa Madam kama mtu aliyeokota almasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hilo ni kosa la watu wa mavazi, wamuombe mzee msamaha.

Mwaka mwingine nilijaribu njia ya pili, nikamwiga. Katika mchezo wa vijana wa kanisa nilikuwa baba aliyemkosa mwanawe, na nikapangusa sahani safi, mbele na nyuma, taratibu. Watu walinyamaza kanisa zima, na nilijua nimewapata. Madam alisubiri watu wapungue. "Hiyo sahani ni yake," akaniambia. "Rudisha, utafute yako." Nilimjibu kwa heshima kwamba nimesikia, lakini ndani nilikuwa nawaka, kwa sababu ilikuwa kweli na kwa sababu bado alikuwa upande wa yule mzee.

Leo kuigiza ndiyo kazi yangu. Kundi letu huzunguka shule za sekondari tukiigiza zile setbook, vitabu vya fasihi ambavyo wanafunzi watatahiniwa, kutoka Bomet mpaka Soin, na siku ambazo hakuna shule nasimamia sherehe za harusi. Nimeigiza wafalme, mapadri, wake wenza wawili kwa siku moja tulipopungukiwa na wasichana. Wanafunzi hunipigia makofi wakisimama juu ya viti. Mara moja tulikuwa shule ya wasichana upande wa Sigowet, na nilipoinua kichwa nikamwona Madam nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikuwa amestaafu tayari. Alikuja peke yake, kwa pikipiki, na gambuti zake. Nadhani sijawahi kuigiza kama siku ile. Nilitoa kila kitu nilichokuwa nacho na vingine nikakopa. Kulikuwa na mahali ambapo napokea simu ya msiba, nikaanguka magotini, na wasichana wakaguta.

Alinikuta nakunja mavazi kwenye sanduku. Alisema nimenenepa, akauliza watoto. Kisha akasema nimeishika ile simu kama mtu ambaye tayari anajua habari iliyomo. "Yule mzee angeipokea vizuri," akasema, "angeipokea kama simu tu." Mke wangu, Mama Stella, aliponisikia nikimsimulia jioni, alicheka mpaka akaacha kukanda unga. Alisema ameona wanaume wanaoonea wivu jirani mwenye ng'ombe wa gredi, na wanaoonea wivu pasta, lakini wa kuonea wivu marehemu wa kizungu ndiye ameolewa naye.

Miaka ikapita hivyo. Halafu tukasikia kwamba Madam amepata presha ya macho. Alihamia kwa mwanawe wa kwanza kule Fort Ternan, karibu na reli, na wa kambini walitania kwamba amefuata stesheni. Kwanza alikuwa anaona vivuli. Baadaye habari zikaja kwamba haoni kabisa.

Nilihuzunika, ndiyo, nisije nikasema uongo. Lakini huzuni ilikuja na mwenzake. Nilikaa kitandani nikawaza kwamba sasa hatanitazama tena jukwaani, na kwa hiyo lile neno lililokuwa limebaki halitasemwa kamwe. Mzee wa stesheni alikuwa ameshatazamwa, ameshasifiwa, amehifadhiwa salama kichwani mwake. Mimi nilikuwa nimehifadhiwa nikiwa nimeanguka magotini na simu.

Desemba iliyopita nilikwenda. Mama Stella alinifungia chapati na jogoo, na akaniambia nikifika huko nisianze mambo yangu. Nilimkuta Madam sebuleni, amekaa wima mbele ya televisheni. Alikuwa amekonda zaidi, na uso umeelekezwa mahali pembeni kidogo ya skrini. Mke wa mwanawe alinikaribisha, akapokea jogoo, na kunieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba filamu wameiweka kwenye flash, na kwamba Mama anaitaka kila siku tangu mwezi uanze. Anamwomba amwelezee, naye hajui aeleze nini. "Huyo babu anakaa tu," akaniambia. "Sasa mimi nitasema nini? Amesimama. Bado amesimama. Mama anakasirika."

Madam alijua ni mimi kabla sijasalimia. Alisema natembea kama mtu anayeingia jukwaani. Tulizungumza juu ya kambi, juu ya mashine za kuchuma chai zilizowaondoa watu wengi, juu ya nani amezikwa. Turungi ikaletwa. Kisha akasema kama mtu anayeomba chumvi, "Niangalilie mzee."

Mnaelewa nilichoombwa? Mimi, kati ya watu wote, nimsifie yule kwa mdomo wangu. Nilitaka kusema nina haraka. Nilichukua rimoti.

Nilianza vibaya, na sitakataa kwamba ilikuwa makusudi kidogo. Alitaka pale ambapo mzee anaingoja treni. Nikamwambia mzee ametoka nje, moyo wake umejaa matumaini, anatetemeka kwa upendo wa mzazi. Nilijaza, nikapamba, nikatia sauti ya harusini. Alinikata.

"Umekuwa kama wale wa maikrofoni," akasema. "Sijakuuliza anasikia nini moyoni. Niambie anafanya nini."

Basi nikaangalia. Kwa mara ya kwanza nilimwangalia yule mzee bila kumtafuta kosa na bila kumwibia kitu, kwa sababu kulikuwa na mtu anayengoja. Nikamwambia: ametoka, ameshika taa mkono wa kulia. Theluji inaanguka. Anaangalia saa, anairudisha mfukoni, anaitoa tena, anaangalia upande ule mwingine. Sasa amesikia kitu. Amenyoosha koti kwa mkono wa kushoto, hivi, kutoka juu mpaka chini. Ameinua taa. Treni imetokea. Haipunguzi mwendo. Mzee hashushi taa. Behewa la kwanza linapita, la pili, uso wake unamulikwa na kuzimika, unamulikwa na kuzimika. Anatabasamu bado, lile tabasamu alilokuwa amemwandalia binti. Hajui aliweke wapi. Treni imekwisha. Taa bado iko juu. Sasa amegeuka, ameinua mkono, anaipigia saluti treni ambayo imeshapita, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Madam alikuwa ameshika mkono wa kiti. Mke wa mwanawe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, anaangalia skrini kana kwamba imebadilishwa.

Nikasimamisha picha. Nilijua nikiondoka bila kuuliza nitauliza peke yangu mpaka nife. Kwa hiyo nikamuuliza wazi wazi, mimi mtu mzima mwenye mvi.

"Na mimi, Madam? Mimi najua kuigiza?"

Hakujifanya kushangaa. Alitafuta kikombe mezani kwa vidole, nikamsogezea.

"Wewe ulikuwa mzuri tangu mtoto," akasema. "Nilijua. Lakini kila siku ulikuwa unaniangalia mimi. Hata kule Sigowet, ukianguka hivyo, jicho moja liko kwa mlango. Madam, umeniona? Madam, nimefanya aje? Sasa mimi ningekuangalia saa ngapi na wewe unaniangalia? Yule mzee hajawahi kuniangalia hata siku moja."

Iliniuma. Iliniuma kwa sababu ndani yake lilikuwemo lile neno, nilishalisikia, alisema mzuri, na lilikuja limefungwa pamoja na lingine ambalo sikuliomba. Nilitaka kujitetea. Nilitaka kumkumbusha kwamba yule mzee hangeweza kumwangalia hata angetaka, yuko ndani ya kioo.

"Rudisha treni," akasema. "Nimwone tena."

Nikarudisha. Nikaanza upya, theluji, taa, saa mfukoni, na safari hii niliona kwamba kabla ya kunyoosha koti anajipangusa mkono kwenye suruali kwanza, nikamwambia. Midomo ya Madam ilikuwa wazi kidogo. Alikuwa anamwona. Alianza kutikisa kichwa taratibu, akanong'ona, "Huyo mzee, jamani. Huyo mzee." Hakuna aliyewahi kulitaja jina langu hivyo, na wivu ulinipanda upya. Ningeweza kumwambia kwamba mzee hayuko, kwamba mbele yake hakuna kitu ila sauti yangu, na kwamba anayemgusa moyo wakati huu ni mimi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Niliyameza, nikageuza macho kutoka kwake na kuyarudisha kwenye skrini, maana treni ilikuwa inaingia, na mtu alihitaji kuambiwa kwamba haisimami.